Nani Ashikaye Ufunguo wa Mashine ya Kamari?

Mvuvi wa Kyavinyonge apelekapo samaki wake mzanini, haulizi mzani umetengenezwa wapi wala kwa chuma gani. Neno moja tu humhusu: je, mzani huu wasema kweli? Akiwa na shaka, aweza kuweka juu yake jiwe la mzani la kilo moja, na mara shaka yake itakwisha. Lakini kuna chombo kingine kipimacho fedha za watu, nacho hakikubali kupimwa na yule anayekitumia. Chombo hicho ni mashine ya kamari. Mtu hutia sarafu, hubonyeza kitufe, picha huzunguka, kisha mashine yenyewe hutoa hukumu: umepata, au umekosa. Ndani yake mna nini? Mchezaji hajui. Na mwenye baa aliyeiweka ukutani, mara nyingi hajui naye.

Katika makala hii twataka kuangalia jinsi watu walivyojaribu kuweka wasimamizi juu ya mashine hizo. Tutaanza na Congo ya zamani. Kisha tutakwenda Marekani, katika nchi za makabila ya wenyeji, maana huko ndiko mabishano juu ya usimamizi yalikokuwa makali sana. Mwisho tutarudi kwa jirani zetu wa Afrika ya Mashariki. Swali letu litakuwa moja tu: nani ashikaye ufunguo?

KAMARI ILIYOONEKANA KWA MACHO

Michezo ya bahati haikuletwa na kompyuta. Mwaka 1934, wakati uchumi wa dunia ulipokuwa umeanguka na hazina ya Congo ya Wabelgiji imepungukiwa, serikali ya Ubelgiji ilianzisha Bahati Nasibu ya Koloni, ili faida yake isaidie gharama za koloni. Watu walinunua tiketi, na namba za ushindi zilitolewa mbele ya umati. Congo ilipopata uhuru mwaka 1960, jina la koloni halikufaa tena, na katika miaka iliyofuata ikageuka kuwa Bahati Nasibu ya Taifa ya Ubelgiji. Baadaye nchi yetu nayo iliunda shirika lake la bahati nasibu, liitwalo SONAL.

Mtu aweza kulaumu mengi katika desturi ya kutafuta fedha za nchi kwa mchezo wa bahati. Hata hivyo jambo moja lilikuwa wazi: namba zilitoka mbele ya macho ya watu. Aliyekosa alijua kwamba amekosa pamoja na wengine, na aliyepata alijulikana. Usimamizi wa namna hiyo ni mwepesi, kwa sababu macho ya umati ndiyo polisi wa kwanza.

KUTOKA CHUMA HATA KOMPYUTA

Mwishoni mwa karne ya 19, fundi mmoja mzaliwa wa Ujerumani, Charles Fey, alitengeneza huko San Francisco mashine iliyoitwa Liberty Bell. Ilikuwa na magurudumu matatu yenye picha, na mkono wa kuvuta pembeni. Mashine kama hiyo ilikuwa bado chombo cha chuma. Tuseme kila gurudumu lina nafasi 10. Basi mara 10 kwa 10 kwa 10 ni njia 1,000 za kusimama. Mtu mwenye subira aliyefunguliwa kifuniko aliweza kuhesabu picha moja moja, akajua ni njia ngapi kati ya zile 1,000 humpa mchezaji kitu.

Mambo yalibadilika kompyuta ilipoingia. Mwaka 1984 Inge Telnaes alipewa hati ya uvumbuzi huko Marekani kwa njia mpya. Katika njia hiyo, kompyuta ndani ya mashine huchagua namba kwa kubahatisha, kisha magurudumu husimamishwa yaifuate namba ile. Na namba zilizomo ndani zaweza kuwa nyingi kuliko picha zinazoonekana nje. Picha ya ushindi mkubwa yaweza kupewa namba moja tu, na nafasi tupu ikapewa namba nyingi. Kwa hiyo mchezaji ahesabuye picha za nje hupata hesabu isiyo ya kweli. Gurudumu limekuwa pambo tu. Hukumu hutoka katika programu isiyoonekana.

Tena yafaa tuelewe jambo moja. Hata mashine iliyo halali kabisa imepangwa kumla mchezaji. Sheria za New Jersey, kwa mfano, ziliagiza mashine irudishe kwa wachezaji si chini ya sehemu 83 katika kila 100. Za Nevada, si chini ya 75. Tuchukue mashine yenye ukarimu kuliko hizo, irudishayo 90. Mtu aanza na faranga 10,000. Akizichezesha zote mara moja, kwa wastani atabakiwa na 9,000. Akizirudisha hizo, atabakiwa na 8,100, tena, 7,290. Akifanya hivyo mara 10, kwa wastani zitabaki kama 3,490. Hakuna aliyeiba hapo. Ni hesabu tu inayofanya kazi yake. Basi ikiwa mashine ya kweli hula hivyo, ile isiyokaguliwa na mtu itakula kiasi gani?

MAKABILA YA MAREKANI NA MCHEZO WA BINGO

Sasa tuvuke bahari. Wenyeji wa kwanza wa Marekani, ambao vitabu vya zamani viliwaita Wahindi Wekundu, walinyang'anywa sehemu kubwa ya nchi yao, wakabakiwa na maeneo yaliyotengwa. Katika maeneo hayo kabila lina serikali yake na mahakama yake, chini ya serikali kuu ya taifa. Mengi ya maeneo hayo yalikuwa maskini, yakiwa mbali na viwanda na mashamba mazuri.

Mwaka 1979 kabila la Seminole la Florida lilifungua nyumba ya bingo mjini Hollywood. Wakati huo jimbo la Florida liliruhusu bingo kwa vyama vya hisani, lakini likaweka kikomo cha zawadi na siku za kucheza. Waseminole walitoa zawadi kubwa kupita kikomo hicho. Mkuu wa polisi wa wilaya akataka kuwakamata. Kabila likaenda mahakamani, likashinda katika rufani mwaka 1981. Mahakama ilifuata kanuni hii: jimbo likikataza jambo kabisa kama uhalifu, katazo hilo laweza kuingia katika eneo la kabila, lakini likiliruhusu jambo lenyewe na kulipangia masharti tu, masharti hayo hayaingii.

Kesi kubwa zaidi ilitoka California. Kabila la Cabazon na lile la Morongo yaliitwa makabila ya Wahindi wa Misioni, jina lililotokana na misioni ambazo Wafransisko walianza kujenga huko mwaka 1769. Wacabazon walikuwa wachache mno: kabila zima lilikuwa na watu 25 walioandikwa. Walikuwa na mchezo wa bingo na wa karata, na serikali ya jimbo ikataka kuwazuia, ikisema wahalifu wataingia na kuzoea mahali hapo. Tarehe 25 Februari 1987 Mahakama Kuu ya Marekani ilitoa hukumu, mahakimu 6 dhidi ya 3, iliyoandikwa na Hakimu Byron White. Kabila lilishinda. Mahakama ilionyesha kwamba California yenyewe ilikuwa na bahati nasibu ya jimbo na kuwahimiza watu wake kuicheza. Basi ingewezaje kusema kwamba kamari ni kinyume cha siasa yake?

Msomaji aone vizuri jambo lililoshindaniwa hapo. Hakuna aliyeuliza kama kamari ni njema. Waliuliza nani ana mamlaka ya kuisimamia katika nchi ya kabila. Na mara kabila liliposhinda, mzigo wa kusimamia ukaliangukia lenyewe.

SHERIA YA MWAKA 1988

Bunge la Marekani halikukaa kimya. Tarehe 17 Oktoba 1988 Rais Ronald Reagan alitia sahihi sheria ya michezo ya kamari ya makabila. Sheria hiyo iligawa michezo katika madaraja matatu. Daraja la kwanza ni michezo ya jadi katika sherehe, yenye zawadi ndogo. Hiyo husimamiwa na kabila peke yake. Daraja la pili ni bingo na michezo ya jamii yake. Husimamiwa na kabila pamoja na Tume ya Taifa iliyoundwa na sheria hiyo. Tume hiyo ina watu watatu, na angalau wawili kati yao lazima wawe wenyeji walioandikwa katika makabila. Daraja la tatu ni michezo mingine yote, na humo zimo mashine za kamari. Ili kuwa nazo, kabila lazima lifanye mapatano na jimbo. Bila mapatano, sheria ya mwaka 1951 iliyokataza mashine hizo katika nchi za makabila ingali ikishika.

Sheria iliagiza pia faida iende wapi. Faida haikuachwa iwe mali ya mtu mmoja. Yapasa itumike kwa kazi za serikali ya kabila, kwa ustawi wa watu wake, kwa maendeleo ya uchumi, kwa vyama vya hisani, au kwa kusaidia serikali za mitaa za jirani. Fedha zenyewe si kidogo: mwaka 2023 makabila yote pamoja yalibakiwa na dola bilioni 41.9 baada ya kuwalipa washindi, kabla ya kutoa gharama.

MSAADA WA BINGO, AU MASHINE KAMILI?

Ndipo shida ya vyombo vya elektroniki ikatokea. Sheria iliruhusu bingo ichezwe kwa msaada wa kompyuta, nayo ikabaki katika daraja la pili. Lakini chombo kilicho mfano kamili wa mchezo wa bahati, au mashine ya kamari yenyewe, ni cha daraja la tatu. Mafundi wakatengeneza vyombo vilivyofanana kwa nje na mashine ya kamari, vyenye kioo, taa na picha zinazozunguka, na ndani yake kulikuwa na mchezo wa bingo. Je, chombo kama hicho ni msaada tu, au ni mashine?

Mwaka 2000 mahakama ya rufani ya magharibi iliamua kesi iliyohusu vyombo 103 vya mchezo ulioitwa MegaMania. Mahakama ilitazama ndani, haikutazama taa za nje. Ikaona kwamba wachezaji wa mahali mbalimbali waliunganishwa kwa kompyuta, wakishindana wao kwa wao kwa kadi zao. Basi hiyo ni bingo. Katika mashine ya kamari mtu hashindani na mwenzake. Hushindana na programu ya mwenye nyumba. Tofauti ni kubwa, lakini mtu aliyekaa mbele ya kioo hawezi kuiona. Yahitaji mtu mwenye elimu, mwenye ufunguo, na mwenye amri ya kufungua.

Kwa sababu hiyo usimamizi ukawa kazi yenye mambo mengi madogo. Programu hupelekwa kwanza katika maabara inayojitegemea, ipimwe kama uchaguzi wa namba ni wa kubahatisha kweli. Ikikubaliwa, hupewa alama yake ya utambulisho, inayotokana na programu yenyewe. Herufi moja ikibadilishwa ndani, alama hubadilika. Mkaguzi wa kabila huja kasinoni, hufungua mashine, hulinganisha alama, na kutia lakiri. Funguo huandikwa katika daftari: nani alichukua, saa ngapi, alirudisha lini. Masanduku ya fedha huhesabiwa na watu kadhaa pamoja, chini ya kamera. Mwaka 1999 Tume ya Taifa ilitoa kanuni za chini kabisa za mambo hayo, na mwaka 2008 ikatoa kanuni za kiufundi kwa vyombo vya daraja la pili.

Lakini je, Tume yaweza kuingia kila mahali? Mwaka 2001 makabila ya Mto Colorado, yenye kasino huko Arizona, yalikataa Tume isikague michezo yao ya daraja la tatu. Walisema sheria haikuipa Tume mamlaka hayo. Mwaka 2006 mahakama ya rufani ya Washington ilikubaliana nao. Tangu hapo kwa mashine za daraja la tatu nguzo kuu ni mapatano na jimbo, pamoja na tume ya kabila lenyewe. Wengine waliogopa kwamba lango limefunguliwa kwa wezi. Wengine walisema kabila ndilo lenye hasara ya kwanza mashine ikiharibika, kwa hiyo ndilo litakalolinda vizuri. Pande zote mbili zina sehemu ya haki, na ndiyo maana mabishano hayo hayajaisha.

MLINZI ALIYEIBA

Asidhani mtu kwamba ukiweka mkaguzi, basi kazi imekwisha. Katika jimbo la Nevada, ambalo lilihalalisha kamari mwaka 1931 na kuwa na bodi ya udhibiti tangu 1955, alikuwako mtumishi wa bodi hiyo, Ronald Harris. Kazi yake ilikuwa kupima programu za mashine ili wachezaji wasidanganywe. Naye alibadili programu ile ile ya upimaji. Mashine zilizokaguliwa kwa programu hiyo zikapokea maagizo ya siri: ukitia sarafu kwa mfuatano fulani, mashine hulipa. Mwaka 1995 mwenzake alishinda fedha nyingi mno katika mchezo wa namba huko Atlantic City, watu wakashuku, na Harris akakamatwa, kisha akafungwa.

Tazameni, ndugu: mwizi hakuvunja mlango. Alikuwa na ufunguo kwa haki. Basi kanuni njema haimwachi mtu mmoja ashike ufunguo peke yake. Mmoja hupima, mwingine hukagua upimaji, wa tatu huhesabu fedha, na kila mmoja huandika.

NG'AMBO YA ZIWA LETU

Je, kwa jirani zetu mambo yakoje? Kenya ilitunga sheria ya kamari mwaka 1966 na kuunda bodi ya kutoa leseni. Uganda ilitunga sheria ya bahati nasibu mwaka 1967, na nyingine ya kamari mwaka 1968. Sheria hizo zilifikiri zaidi juu ya kasino za mijini na tiketi. Tanzania, baada ya kasino kuingia katika miaka ya 1990, ilitunga sheria mwaka 2003 na kuanzisha Bodi ya Michezo ya Kubahatisha.

Kisha zikaja mashine ndogo za sarafu, nyingi zikitoka China, zenye bei nafuu, zinazoweza kubebwa na pikipiki. Hazikungoja kasino. Ziliingia madukani, vilabuni, na vituoni pa magari, karibu na shule na masoko. Hapo sheria ya zamani ilionekana kama wavu wenye matundu makubwa kupita samaki wake. Bodi iliyozoea kukagua kasino chache mjini itawezaje kukagua mashine zilizotawanyika katika vijiji elfu?

Serikali zilijibu kwa njia mbili. Ya kwanza ilikuwa nyundo na moto. Nchini Kenya, hasa katika miaka ya 2018 na 2019, machifu na polisi walikusanya mashine nyingi zisizo na leseni, zikavunjwa na kuchomwa hadharani. Uganda nayo ilifanya hivyo. Njia ya pili ilikuwa kutengeneza sheria upya. Uganda, kwa sheria ya mwaka 2016, iliunda bodi mpya na kukataza kamari kwa mtu asiyefikia miaka 25. Kenya, kwa katiba ya mwaka 2010, ilizipa serikali za kaunti sehemu ya mamlaka juu ya kamari, na mwaka 2025 ikatunga sheria mpya badala ya ile ya 1966.

Moto huonekana mbali na kusifiwa siku moja. Lakini mashine iliyochomwa leo, kesho nyingine yaweza kuvuka mpaka ikiwa imefunikwa turubai. Na leseni peke yake haitoshi pia. Leseni iliyobandikwa ukutani yasema kwamba mwenye mashine amelipa serikali. Haisemi kwamba kuna mtu aliyetazama ndani. Hapo ndipo watu wengi hudanganyika: huona mhuri, hudhani mashine ni ya haki.

MAMBO YA KUULIZA

Kanisa halikusema kwamba kila mchezo wa bahati ni dhambi kwa wenyewe. Katekisimu iliyotolewa mwaka 1992, katika namba 2413, yaweka mipaka: mchezo usimnyime mtu riziki yake wala ya wale wanaomtegemea, na udanganyifu mchezoni ni jambo zito, isipokuwa hasara yake iwe ndogo mno. Mipaka hiyo miwili inahusu mashine hizi waziwazi. Wa kwanza ni juu ya mchezaji na nyumba yake. Wa pili ni juu ya mwenye mashine na msimamizi wake.

Kwa hiyo wazee wa mtaa, viongozi wa ushirika na wazazi waonapo mashine imewekwa katika kijiji, wasiishie kugombana na vijana. Waulize kwa utaratibu. Kwanza: nani aliyeifungua na kupima programu yake, na hati iko wapi? Pili: nani humkagua mkaguzi? Tatu: jioni sanduku likihesabiwa, fedha zaenda wapi? Watu 25 wa Cabazon walipigania haki ya kusimamia mambo yao, na baada yao sheria ikaagiza faida ya kasino za makabila irudi kwa jamii. Katika baa yenye mashine ya sarafu, mwenye mashine huja na mfuko, hufungua kwa ufunguo wake, na kuondoka na faranga za kijiji. Hakuna kisima kitakachochimbwa kwa fedha hizo, wala darasa litakaloezekwa.

Ikiwa maswali hayo matatu hayana jibu, serikali ina haki ya kuiondoa mashine hiyo, na wananchi wana haki ya kuidai iondolewe. Na hata yakijibiwa vizuri yote, ile hesabu ya 90 kwa 100 haibadiliki. Usimamizi mwema humwondoa mwizi aliyejificha ndani ya sanduku. Kumzuia mtu asitie mkono mfukoni tena na tena, hiyo ni kazi ya nyumbani, nayo haina mkaguzi wa serikali.